Nyumba ya Ramula na Dole Gumba la Marjan

Namatala, Mbale
9 Novemba 1987

Mpendwa mpwa wangu Zubairi,

Salaam aleikum. Hali gani huko Kibera, na mkeo Hajarah, kifua kimemwachia? Mimi mjomba wako ni mzima, ila meno yamebaki matatu na hayapatani. Mvua ipo, unga upo, bunduki zimesogea mbali kidogo. Alhamdulillahi.

Barua yako ya kutushauri tumpe Marjan nusu ya nyumba kwa ajili ya amani niliisoma nikiwa na njaa, nikaona ni ya kipumbavu. Nikala, nikaisoma tena. Njaa haikuwa na makosa. Sasa kaa nikueleze dada yako Ramula alivyotoka kortini Jinja.

Wajua mwaka ule wa 1979, serikali ilipopinduliwa na sisi Wanubi tukawa tunatafutwa nyumba kwa nyumba, Marjan alikimbilia Sudan na redio yake, mkewe Ramula na binti yao Shamim akawaacha. Kabla ya kukimbia alifanya kama wengi wetu: aliandika karatasi ya uongo kwamba nyumba yao ya Nalufenya, pale Jinja, amemuuzia jirani, Waiswa, ili wanyang'anyi waambiwe hapa ni pa Msoga, mwenyeji wa huku, si pa Mnubi. Akatia dole gumba. Waiswa akatunza karatasi, Ramula akatunza nyumba. Mabati yalipoibiwa, aliezeka upya kwa kuuza mandazi na vifuniko vya vyakula alivyofuma mwenyewe.

Miaka minane Marjan hakutuma hata salamu. Mwezi wa tatu mwaka huu akarudi na kitambi na mke mwingine, akampa Ramula talaka, kisha mbio kortini, nyumba iuzwe wagawane. Dada yako alikonda. Angekwenda wapi na Shamim? Kwangu? Kwangu hata panya wanalala kwa zamu.

Wakili wa Marjan, kijana mwenye tai ndefu kuliko akili, alisema mume ndiye nguzo ya nyumba na mke ni mtunzaji tu. Nguzo gani hiyo, bwana, ikae Juba na paa liko Jinja? Hakimu alikuwa akiandika kila upuuzi kwa mwandiko mzuri.

Marjan akashika Msahafu, akaapa nyumba ni yake. Alidhani ile karatasi imeshaliwa na mchwa. Waiswa akainuka polepole, akaitoa katikati ya Biblia yake, akampa hakimu.

"Dole hili ni lako?"

"Langu, afande."

"Uliuza nyumba kweli, au uliandika hati ya uongo, kosa la jela?"

Marjan akamtazama wakili, wakili akatazama viatu. Askari wa mlangoni akakaza mkanda. Lile dume la Juba likanywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Niliuza, mheshimiwa."

Hakimu akasema kilichouzwa kabla ya talaka hakigawanywi. Wakagawana kilichobaki: Ramula cherehani, Marjan kitanda. Alikibeba mwenyewe, akapita nacho sokoni Jinja mchana, wanawake wakimpigia vigelegele.

Lakini usicheke bado. Ramula hakushangilia, maana kwa sheria nyumba sasa ilikuwa ya Waiswa, mwenye watoto saba katika vyumba viwili. Hata mimi nilimdhania vibaya, Mungu anisamehe. Kesho yake asubuhi Waiswa alitupeleka kwa mwenyekiti wa RC, lile baraza la mtaa, akamwandikia Ramula nyumba yote mbele ya mashahidi. Hata soda ya asante alikataa.

"Mimi nilishikishwa," akasema, "sikununua."

Ndiyo korti yenu hiyo, Zubairi. Mabenchi, mihuri, tai, na haki ikaja kutoka kwa jirani asiyejua hata kufunga vifungo vya shati lake.

Juma lililopita Marjan alimtuma Shehe Asadu kwa Ramula, eti warudiane, shetani alipita kati yao. Ramula alikuwa akikanda unga, hakuinua kichwa.

"Mwambie nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe hatafuti mume."

Shehe akaomba maji, akanywa, akaaga.

Nisalimie Hajarah na dada yake Nulu, na wote wanaonikumbuka huko. Mola awape riziki ya halali na majirani wema, na wewe akujalie kuuliza kabla ya kushauri.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye pamoja na upumbavu wako,

Fadhul