Jina Langu Liko Juu ya Kaburi Lako

Mpendwa mdogo wangu Doto,

Usinune kwa kuitwa mdogo. Nilikutangulia kwa dakika ishirini, na kwetu Tabora pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hata kama huyo wa pili ndiye mwenye akili. Tangu ufariki tukiwa na miaka kumi na minne sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo nimekaa mezani kwangu hapa Yeoville, Johannesburg, ghorofa ya sita, Jumamosi saa tisa alasiri, na nina hasira na watu watatu: baba, wewe na mimi mwenyewe.

Nikueleze jambo lenyewe kwanza, maana hukuwa na subira ya hadithi ndefu. Ninaolewa. Kwa Jumapili mbili mfululizo padri amesoma tangazo la ndoa yetu kwenye misa ya Kiswahili, na kesho atalisoma mara ya tatu na ya mwisho. Stefano, kutoka Machakos, anataka kufunga ndoa na Dorotea, kutoka Tabora. Anayejua kizuizi chochote aseme. Watu waligeuka wakanitabasamia, na mama mmoja wa Kikongo akapiga kigelegele. Mimi nikatazama viatu vyangu, kwa sababu anayejua kizuizi ni mimi, na Dorotea ni wewe.

Unalikumbuka daftari la baba? Lile la jalada la bluu, alilotoka nalo seminari alipoacha kusomea upadri akarudi kijijini kuwa katekista. Kila baada ya ubatizo alisimama mlangoni mwa kanisa akawaeleza wazazi maana ya jina walilompa mtoto, kama Wagiriki wenyewe walivyolielewa. Petro ni mwamba. Irene ni amani. Agatha ni mwema. Siku moja mzee mmoja alileta mjukuu akabatizwa Filipo, baba akamwambia maana yake ni mpenda farasi. Mzee akafikiri kidogo, akauliza, "Katekista, na punda je, hawafai?" Ulicheka mpaka mama akakufinya.

Sisi ndio tulikuwa fahari yake. Mimi akaniita Teodora, wewe akakuita Dorotea, na akawaeleza watu wote waliokuwa tayari kumsikiliza, na wengine wengi ambao hawakuwa tayari. Kwa Kigiriki, alisema, jina langu linaanza na Mungu na kuishia na zawadi, na lako linaanza na zawadi na kuishia na Mungu. Maana ni moja: zawadi ya Mungu. "Ni kanga za doti moja," alipenda kusema, "ukijifunga hii au ile, umejifunga ile ile." Tuliipenda sana hiyo. Shuleni mwalimu akiita Teodora uliitika wewe, akiita Dorotea niliitika mimi, tukaona tumemweza.

Kisha matokeo ya darasa la saba yakabandikwa. Wewe ulichaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, mimi sikuchaguliwa. Tulisimama mbele ya ile karatasi, ukanishika mkono ukasema, "Likizo nitakufundisha yote, Kulwa. Tutasoma wote kwa kiti kimoja." Nami nikakujibu, "Nenda na kiti chako." Siku tatu sikukusemesha. Tulilala kitanda kimoja nimekupa mgongo. Siku ya nne uliamka na homa, shingo inauma, huwezi kuinamisha kichwa, na mimi nilidhani unadeka. Hiyo ndiyo hasira yangu na mimi mwenyewe, Doto, na haijapungua hata kidogo.

Hospitali ya wilaya ilikuwa mbali, na ulikaa huko siku mbili tu. Nilikuwa kwenye benchi la nje baba alipotoka. Akasema, "Kulwa amefariki." Nikadhani uchungu umemchanganya. Nikamwambia, "Baba, Kulwa ni mimi." Akapiga magoti mbele yangu, katekista mzima, watu wanatazama, akanishika mikono yote miwili. "Shule imemchagua Dorotea," akasema. "Teodora, Dorotea, jina ni lile lile, limegeuzwa tu. Hutakuwa umesema uongo, mwanangu." Mama alikuwa ameegemea ukuta. Hakusema ndiyo wala hapana. Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina lolote, alisema "mwanangu" tu, mpaka naye akafariki.

Unajua kusoma kwa jina la mwingine si jambo geni kwetu. Watoto wangapi walirudia darasa wakiwa wamevaa jina la mwenzao aliyeacha shule? Lakini wale kijiji kiliendelea kuwaita kama zamani, mambo ya jina yakaishia kwenye karatasi. Mimi kijiji kilinizika. Nilikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake nikiwasikia wakinililia. Bibi mmoja, yule jirani wa kisimani, alisema, "Maskini Kulwa, alikuwa na mdomo, lakini roho yake ilikuwa safi." Nilitaka kumjibu. Seremala akaleta msalaba, na juu yake, kwa rangi nyeupe iliyokuwa bado mbichi, palikuwa na TEODORA. Ulishushwa chini yake, na mimi nikarudi nyumbani kula wali wa msiba wangu.

Lile kovu langu la uji wa moto mkononi, ambalo watu walitumia kututofautisha, nililifunika kwa sweta la mikono mirefu kwenye joto la Tabora. Tulipokwenda kuchukua barua ya shule, mwalimu mkuu alilitazama sweta, akamtazama baba, akasaini.

Nikasoma, Doto. Hesabu zako zilinitoa jasho. Wewe ulikuwa unazifanya huku unaimba, mimi nilizifanya huku nalia, maana niliogopa kwamba nikifeli nitakuwa nimekuaibisha. Leo mimi ni mfamasia. Nina kibandiko kifuani chenye jina lako, na wateja wazee wananiita "sisi Dorothy", yaani dada Dorothy kwa lugha ya huku, na kuniuliza dawa ipi inywewe kabla ya kula. Kila jema lililonijia nimelipokea nikijiambia hili ni la Doto, mimi nimelishika tu. Ndiyo maana nina hasira na wewe pia: uliondoka ukaniachia maisha yako niyafanyie kazi, na yangu hayakupata mtu.

Ile tabia ya baba, hata hivyo, imenishika. Sikutani na mtu bila kumweleza jina lake. Mlinzi wa jengo letu anaitwa Papa Anastazi, ametoka Bukavu, na siku niliyomwambia kwamba jina lake kwa Kigiriki ni ufufuo alifurahi sana. "Aah," akasema, "ndiyo maana naamukaka mapema." Na Stefano nilipomtaja kwa baba kwenye simu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Stefano ni taji." Hakuuliza kama mtu mwenyewe ni mwema. Ni mwema, Doto. Anafundisha chuo kikuu hapa, anaongea taratibu, na akikosea njia anakubali kwamba amekosea, jambo ambalo sijaliona kwa dereva mwingine yeyote wa kiume.

Alhamisi tulikwenda Fordsburg kununua kitambaa cha gauni. Tulichagua, tukapatana, mwenye duka akatoa kitabu cha oda akauliza jina la bibi harusi. Stefano akanijibia, kwa furaha kabisa, "Dorotea." Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana."

Nilimweleza nje, kando ya robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, zinabadilika rangi, magari yanapiga honi, watu wanatupita na mifuko. Nilimweleza yote niliyokuandikia hapa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Sasa mimi nimekuwa nikimpenda nani?"

"Mimi," nikamwambia.

"Wewe nani?"

Nikaanza kutaja jina lako, nikaishia katikati. Akasema, "Na ungeniambia lini? Tukishapata watoto?" Sauti yake haikupanda, na ningependa ingepanda. Hakuniacha barabarani, si mtu wa hivyo, alinirudisha nyumbani kwa gari, na njia nzima aliniuliza swali moja tu, nyumbani walikuwa wakiniita nani. Nikamwambia, Kulwa. Tulipofika akasema, "Usinipigie. Wacha nifikirie." Papa Anastazi alifungua geti, akatutazama, akauliza kama tuko sawa, nami nikapita ndani.

Hiyo ilikuwa juzi. Tangu hapo simu yake haijaita wala hajaandika.

Jana nikampigia baba. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa heshima, nikaanza na shikamoo, nikamuuliza mguu wake, halafu heshima ikanishinda. Nikamwambia, "Baba, nalitaka jina langu."

Nilimsikia kuku akilia nyuma yake. Kisha akaanza kunihesabia: cheti cha kidato cha nne, cha chuo, pasipoti, kibali cha kazi. "Vyote vinasema Dorotea," akasema. "Ukijitaja watakufukuza huko, utarudi hapa mikono mitupu, kwa ajili ya kitu gani? Nilikufundisha tangu mdogo. Maana ni ile ile."

"Maana ni ile ile, baba," nikasema, "lakini watu tulikuwa wawili."

Nilidhani atakata simu. Badala yake akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Nilikuwa nimebaki na mmoja. Nikataka awe yule aliyefaulu."

Miaka kumi na tisa nimeisubiri sentensi hiyo bila kujua kwamba naisubiri. Iliniuma kama kofi. Na ndani ya maumivu yale nilimhurumia, nikakasirika kwamba namhurumia. Sikumpa pole. Nilimwambia tu, "Mimi nilikuwepo pale kwenye benchi, baba. Nilikuwa hai." Akalia. Sikuwahi kumsikia baba akilia, hata siku ya msiba wako. Sijui alikuwa akimlilia nani kati yetu, na sikumuuliza.

Leo asubuhi nimemwona padri, nyumbani kwake, si kwenye kitubio. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe ambacho hakukinywa. Hakunigombeza. Akasema hawezi kuwafungisha ndoa watu wawili mmoja wao akiwa marehemu. Nikacheka kwa neno lile, naye akacheka kidogo, kisha akawa makini tena. Akasema nikinyoosha mambo nitahitaji mwanasheria, itachukua muda, na hawezi kuniahidi kwamba kazi yangu itapona. "Nipe jibu kabla ya misa ya kesho," akasema. "Ukiniambia nisome, itabidi unieleze ni nani atakayeitika."

Basi nimekaa hapa tangu saa sita na jibu sina. Nikinyamaza, natia saini jina lako kwenye kitabu cha ndoa, na watoto wangu wataandika jina lako kila watakapoulizwa mama yao ni nani, na wewe utaendelea kulala chini ya jina langu bila hata kupata kaburi lako mwenyewe. Nikisema, huenda nikapoteza kazi, nchi hii na Stefano kwa pamoja. Nimeogopa, Doto. Nimeogopa kuliko siku ile ya sweta. Nilitaka kukuuliza ungefanyaje, lakini najua. Ungeniambia niitike mwenyewe, umechoka kuniitikia.

Nimeacha kalamu kidogo. Simu ya getini imeita.

Ni Papa Anastazi. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Dada Doro, ule Mukenya wako iko hapa chini. Mu kitabu ya wageni ameandika anakuya kuona Kulwa. Namuambia hakuna Kulwa mu hii nyumba, anasema nikuulize weye."

Nikaibana simu sikioni. Nikasikia pikipiki ikipita huko chini, na nikamsikia Stefano akikohoa, kile kikohozi chake cha mtu anayesubiri. Sijui amekuja kuniambia nini. Huenda amekuja kuniaga, na ameona aniage kwa jina langu.

"Papa Anastazi," nikasema, "mwambie Kulwa yupo. Anashuka."

"Sasa Kulwa ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

Nafunga barua, Doto, nisimchoshe kwa kusubiri. Nikitoka kuonana naye napita kwa padri kumpa jibu, halafu nampigia baba, atafute seremala akabadilishe msalaba. Jina lako nakurudishia. Limesoma, limetibu watu, na sikulichafua. Lala nalo salama, na unisamehe zile siku tatu.

Dada yako wa dakika ishirini,
Kulwa