Shamba la Simu la Mama Mkwe Limenyauka Mikononi Mwangu

Mpendwa Mama Elsie,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mama yake mchumba wangu Mercyline anafunguliwa bendeji. Mama huyu, anayeuza nguo soko la Kibuye, alifanyiwa upasuaji wa jicho na daktari akamkataza kutazama simu, basi akanikabidhi simu yake akisema, "Odongo, niangalilie shamba langu," na shamba lenyewe ni mchezo ambao amelima mwaka mzima akishindana na akina mama wa kanisani, lina mahindi, sukuma na ng'ombe kila mmoja na jina lake. Mimi ni karani tu, na michezo niliyoijua ni ule wa nyoka kwenye simu ya vitufe ya baba, na wa magari ambao ukiusimamisha unarudi unakuta gari lako palepale, kwa hiyo niliizima simu nikaifungia kabatini, nikajiona mwangalifu sana, na jana nilipoiwasha mahindi yalikuwa yamekauka, ng'ombe wanalia njaa, na akina mama walewale wameingia shambani kwa simu zao wakajichumia sukuma yote.

Mercyline alicheka hadi akakaa chini. "Wewe! Mama anaweza kukungoja kwa mahari, lakini kwa sukuma yake? Jipange!"

Nimewaza kusema simu iliharibika, au stima ilipotea huku Migosi nikakosa chaji, lakini mwezi ujao wazee wetu wanakwenda kwao kuniposea, na naogopa. Je, atanikataa?

Odongo, Migosi

Odongo mwanangu,

Pole, na unisamehe, hata mimi nimecheka. Michezo uliyokulia ilitengenezwa ikungoje. Ya siku hizi inakuita asubuhi na jioni, na ukinyamaza inakuadhibu. Hukujua, sawa. Lakini kuuliza je? Mama aliumwa jicho, masikio yake ni mazima! Uliogopa kuonekana hujui, na hilo ndilo kosa lako.

Hadithi za stima ziache kabisa. Hao akina mama waliochuma sukuma ndio wanaokwenda kumjulia hali. Unadhani hawajamwambia? Bila shaka mboga zilitajwa kabla ya sala. Mama anajua, Odongo, na hajakufukuza. Anangoja akusikie wewe mwenyewe.

Nenda leo ukitoka kazini. Usimtume Mercyline. Sema, "Mama, niliizima simu, shamba limekauka, naomba unifundishe kulima." Kisha vuta kiti, kwa adabu, si karibu mno, uwashe simu. Wewe umsomee yaliyomo, yeye aelekeze, wewe upande. Atakugombeza hadi majirani wasikie. Wewe endelea kupanda.

Mama Elsie