Viti vya Kuazima

Mjukuu wangu Faraja,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Michenga mpunga umeanza kuchanua. Babu yako yuko Mlimba kwenye vibarua, nimebaki na mwanangu mdogo tu, naye hajajua kuongea. Ukicheka kwamba bibi yako bado anabeba mtoto mgongoni, cheka, ukoo ndivyo ulivyotupanga, mimi ni bibi kwa cheo si kwa umri.

Umeniuliza kama ukubali ile nafasi ya utafiti wa walionacho na wasionacho, maana unaona aibu kuwauliza watu umaskini wao. Nilipokuwa msichana, dada mmoja wa chuo alikuja kwetu kuuliza hayo hayo. Mama aliposikia anakuja, akaazima viti.

"Mgeni akae chini? Majirani tunao wa nini?"

Yule dada akakaa, akaandika kwamba viti tunavyo. Alipoondoka tukavirudisha. Nikakaa mkekani, nikaona kama hakuja mtu.

Kubali, mjukuu wangu. Ila usipite mara moja ukaondoka. Rudi siku wasiyokutegemea, ukae nao chini. Anzia hapa kwangu, sitaazima kiti.

Bibi yako,
Mama Neema