Nukta ya Doto

Jumanne, 8 Agosti 1995

Kalamu anayo Justa, mke wa mwanangu Kulwa. Tumbo kubwa mpaka daftari kaliweka juu yake kama meza! Anasema, mama, unaongea mchana kutwa, bora tuandike. Haya, andika. Usicheke — andika.

Kesho tuna mgeni, Rugemalira, Mhaya wa ofisi ya mambo ya kale. Anavuka na kivuko, anashukia hapa Kigongo kuona jiwe letu lenye picha nyekundu, lile la nyuma ya zizi. Nimemwambia Justa alisugue kwa maji na kitambaa. Mgeni atakuta picha zina vumbi? Watasemaje Wahaya!

Jumatano, 9 Agosti

Aibu! Mgeni kamkuta Justa na ndoo, kapiga yowe kama kakanyaga nyoka. Shikamoo bibi, msioshe! Salamu na amri kwa pumzi moja. Naitikia marahaba, kitambaa keshanyang'anya. Bahati nzuri tulikuwa tumeanza na mguu mmoja tu wa picha.

Anasema ile miviringo, na wale watu warefu wasio na nyuso, walichora wawindaji, zamani sana, sisi na ng'ombe wetu hatujafika. Walisaga jiwe jekundu, wakachanganya na mafuta ya nyama. Mafuta! Na wake zao wakanyamaza? Nikamuuliza, walichorea nini? Eti wengine wanasema mvua, wengine mawindo, wengine mizimu, hakuna ajuaye. Kasoma mpaka kipara, hajui! Akacheka mwenyewe. Hapo nikampenda. Nikamwambia, labda mtu alikuwa anangoja chakula kiive. Akaandika!

Akauliza, na nukta hizi mbili nyeupe? Hizo zangu, baba. Nilipojifungua mapacha, mama mkwe alinichovya kidole kwenye udongo mweupe. Nukta ya Kulwa, nukta ya Doto. Ndivyo tunavyofanya mji huu mapacha wakizaliwa. Kila tukishavuna, narudishia udongo. Doto surua ilimchukua hajasimama dede. Kamera nani alikuwa nayo? Picha yake ni hiyo.

Mgeni akaandika na hilo. Halafu, bibi, basi wewe nawe ni mchoraji wa jiwe hili.

Mchoraji! Mimi ambaye jina langu naandikiwa na Justa!

Ijumaa, 11 Agosti

Kulwa karudi toka Nyamagana na matairi mabovu, gari zima. Anataka kulichoma jiwe kwa hayo matairi lipasuke, apate kokoto. Mjini kila mtu anajenga duka, biashara ni ruksa, na yeye kokoto tu ndizo hana? Rugemalira, kabla hajapanda kivuko kurudi, kamsihi angoje Jumatatu, mpaka yeye arudi na wakubwa wake. Jumatatu! Ofisi inalala, Kulwa halali.

Nikamuuliza, na Doto? Akasema, mama, nitakununulia picha nyingine.

Kamaliza kusema, ndipo akajisikia alilosema. Katoka nje. Ugali hakuula.

Jumamosi, 12 Agosti

Matairi yako chini ya jiwe. Kulwa kashika kibiriti. Anangoja nini? Upepo utulie, anasema. Upepo gani? Hata jani halitikisiki.

Mimi niko na kigoda changu, mgongo kwenye jiwe. Justa hapa pembeni na daftari. Kulwa anasema, mama toka, moshi utakuumiza. Namwambia, washa mwanangu, wewe si una haraka? Hajawasha.

Justa, mbona umeacha kuandika? Tangu utoke kliniki jana hutazamani na mtu. Mkunga kasemaje?

...Andika, hata kama unalia. Mioyo miwili. Kasikia mioyo miwili tumboni mwako!

Na mumeo hajui. Loo. Huyo hapo, hatua chache, anajikuna kichwa na kibiriti.

Usimwambie kwa mdomo. Najua, nukta ni mpaka mtu ajifungue, lakini matairi hayatangoja. Udongo huu hapa kwenye bakuli, nilikuja nao kumrudishia Doto. Pita mbele yake, taratibu, akuone. Weka kalamu chini, chovya kidole, mara mbili —