Usipa wa Mbalamwezi Katika Makadirio ya Jimbo

Mpendwa Mshauri Eunice, naomba msaada kabla moyo huu haujasimama, kwa maana nimeficha kosa katika makadirio ya serikali ya jimbo inayopendekezwa huku kwetu, makadirio yanayosifiwa kuanzia Mbinga hadi Mbamba Bay. Mimi ni mchumi mstaafu, kamati ilinipa kazi ya kukadiria mapato na matumizi ya jimbo likijitawala, nikajumlisha ushuru wa kahawa ya milimani, nikaweka mishahara, dawa na barabara, matumizi yakazidi, na mwenyekiti Pankras kila siku yuko mlangoni, "Mzee, tupe namba inayosimama, hii yako imelala chali," basi nikahesabu mitumbwi iliyoshusha usipa, dagaa wetu, siku moja pale ziwani Mbamba Bay, nikazidisha ushuru wake kwa siku 365, pengo likazibika, wala hakuna aliyeuliza, ingawa usipa huvuliwa kwa taa ya karabai usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hukaa ufukweni. Sasa wananchi watapiga kura ya jimbo Jumamosi kwa kutegemea karatasi yangu, na binti yangu Benadetha, muuguzi, ananiambia, "Baba, mshahara wangu umeupanga wewe, mimi sina wasiwasi." Niseme, au kosa hili la uzee lizikwe nami?

Mzee S., Kihagara

Shikamoo Mzee S. Pole kwa moyo, lakini umenichosha. Kamati nzima inakula usipa kila wiki na hakuna hata mmoja aliyekumbuka mwezi? Na wewe unataka watu wachague kwa samaki ambao hawajavuliwa, kisha uwe kaburini wakati Benadetha anasubiri mshahara. Jimbo liwe zuri au baya, waamue wenyewe, ila kwa namba za kweli. Mwite Pankras leo, usingoje Ijumaa. Ondoa siku za mbalamwezi, andika pengo lilivyo, na Benadetha aisome karatasi hiyo mkutanoni kabla ya kura, wewe ukiwa umekaa pale mbele. Halafu, mzee wangu, mtu wa Kihagara, kijiji cha wavuvi, ananiandikia "kosa la uzee"? Baba yako alifanya kazi gani? Nijibu hilo kabla sijachapisha.

Marahaba, mwanangu. Pankras amekuja, amenuna, ameondoka na karatasi mpya. Baba alikuwa mvuvi wa usipa. Karabai yake niliisafisha mimi, na mwezi ukiwaka tulilala nyumbani sote. Nilipoandika 365, nilijua.