Mchezo Usio na Jina Langu

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Muleba leo. Uji wa soya tena. Akina mama wameukoroga, wameuonja, wamenitazama kwa huruma. Hakuna anayeupenda. Hata mimi siupendi. Kwenye ripoti nimeandika kwamba umepokelewa vizuri.

Kichwani nilikuwa kwingine. Tangu niutume mchezo wangu redioni Dar es Salaam sina utulivu. Kila asubuhi naamka kabla ya kengele ya kanisa, nakaa mezani hapa Miembeni, Bukoba, nianze mwingine, mara saa ya ofisi imefika. Naondoka na sentensi mdomoni. Nafundisha mboga mchana kutwa. Jioni sentensi haipo tena.

Kazi hii ya kuwa Bibi Maendeleo siichukii. Inanilisha, na kuna akina mama nawapenda. Ninachochukia ni kwamba inakula asubuhi zangu.

Senene, panzi wetu wa msimu, wameanza kuanguka. Mji mzima unanukia kikaango.

Jumanne, 5 Novemba

Upumbavu wangu mwenyewe. Sina sanduku la posta, nikawapa watu wa redio lile la ofisi. Na barua zote za ofisi hufunguliwa na mkuu wangu, Bwana Ishengoma. Barua yao ya leo kaisoma kabla yangu.

Mchezo umekubaliwa. Utarushwa Jumapili, tarehe 24. Furaha hiyo nimeipokea nikiwa nimesimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

Kaniuliza kama sijui habari ya mtumishi wa umma kuwa na mishahara miwili. Nikasema ujira wao siutaki. Akauliza, basi na muda je, muda ni wa nani? Nikasema naandika kabla jua halijatoka.

"Bibi Paskazia," akasema, "hata usingizi wako ni wa umma. Ukija kazini umechoka, nani anakosa somo?"

Kisha akalegea. Eti naye zamani alikuwa akipiga enanga, kinanda chetu cha nyuzi, harusini. Wazee walikuwa wakimfuata mbali. Aliacha siku alipopewa cheo. Aliposema hivyo akageukia dirisha. Nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Uamuzi wake: mchezo uende, jina lisiende. Simu imepelekwa Dar alasiri hii hii. Nimekubali. Ningefanya nini?

Jumatano, 13 Novemba

Sikuandika leo. Wala jana. Nakaa mezani, nasikia watu wa mchezo mpya wakizungumza kwa mbali, halafu wananyamaza. Nimewakosa kuliko nilivyowahi kumkosa mwanamume yeyote.

Jumapili, 24 Novemba

Kanazi, kwa mama. Tulikwenda kusikiliza kwa jirani, Ma Leokadia, mwenye redio. Nyumba ilijaa.

Mchezo wenyewe ni huu. Mke anaokota senene, anamkaangia mume. Kwa desturi yetu mke hawali senene hao, na mume humshukuru kwa nguo mpya. Mume wangu wa redioni anakuja na kanga, kaifunga vizuri ndani ya gazeti. Mke anaifungua, anakuta tundu la pasi alilolishona kwa mkono wake. Ni kanga yake ya mwaka jana. Basi anakaa chini, anawala senene wote, mume akimtazama.

Mtangazaji akasema umetungwa na msikilizaji wetu wa Bukoba. Basi, yameisha. Msikilizaji!

Lakini walicheka. Ma Leokadia alicheka mpaka akashika nguzo. Mke alipoanza kutafuna, kuna mama alipiga kigelegele. Mimi nilikaa, mikono mapajani. Nilitaka kusimama niseme ni mimi, huyo ni mimi. Sikusema.

Mama hakucheka. Alitoka bila kuaga, akatangulia njiani peke yake.

Jumamosi, 30 Novemba

Mambo mabaya. Jumatano baada ya misa, mama alimsimamisha Ma Leokadia nje ya kanisa, akamtuhumu mbele za watu kwamba ametoa siri ya nyumba yake redioni.

Ile kanga ilikuwa ya mama. Aliyeifunga ndani ya gazeti ni baba. Nilikuwa mtoto, nikayaona yote kutoka mlangoni, na mama hajui mpaka leo kwamba nilikuwa pale. Anachojua ni kwamba katika maisha yake alimwambia mtu mmoja tu, naye ni Ma Leokadia.

"Kanivua nguo nchi nzima ikisikia," mama kaniambia. "Na baba yako amelala kaburini pale kibanjani, chini ya migomba."

Nimepita kwa Ma Leokadia. Anaapa kwa Bikira Maria hajawahi kufungua mdomo. Kalia kama mtoto. Hawa wawili wamelima pamoja, wamezaa pamoja, wamezika pamoja. Sasa mama hajibu hata salamu yake.

Nikinyamaza, nimewaua. Nikimweleza mama, haitaishia jikoni. Hapa kwetu aliyemtuhumu mwenzake mbele za watu humsafisha mbele za watu, na kumsafisha Ma Leokadia ni kunitaja mimi. Karani wa ofisi yetu anasali kanisa hilo hilo, na Bwana Ishengoma atajua.

Nimekasirikia wote: Bwana Ishengoma, baba, na mimi mwenyewe. Lingetajwa jina langu tangu mwanzo, mama angenigombeza mimi na mambo yangeisha.

Jumapili, 1 Desemba

Nimesema.

Ilikuwa asubuhi jikoni, tunamenya ndizi. Mama aliweka kisu chini. Nikadhani ataniambia niondoke kwake.

"Sikuwala, mwana wange," akasema. "Nilimshukuru."

Nikashindwa kumtazama. Baadaye akauliza, "Ile ya kuwala uliitoa wapi?"

"Nilitunga, mama."

"Ungeitunga nikiwa bado kijana."

Akachukua kisu, akaendelea kumenya.

Baada ya misa akamshika Ma Leokadia mkono, palepale alipomtuhumu. Akasema kwa sauti, "Waitu, ndugu zangu, mnisikie. Huyu hana kosa. Aliyetunga ni mwanangu Paskazia, huyu hapa." Watu wote wakanigeukia. Ma Leokadia akalia tena, mama naye akalia. Mimi niliona aibu, na chini ya aibu nilikuwa na furaha ambayo sijui niipeleke wapi. Jina langu limetajwa. Mama ndiye aliyelitaja.

Karani nilimwona. Alikuwa karibu na mlango.

Ijumaa, 6 Desemba

Bwana Ishengoma hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniwekea karatasi iliyokwisha pigwa chapa: sitaandika tena mchezo, hadithi wala shairi niwapo mtumishi wa idara hii. Nisaini, au niache kazi.

Kahawa ya mama mwaka huu haikuzaa. Chumvi yake, mafuta ya taa yake, dawa ya magoti yake, vyote vinatoka kwangu. Nilisoma karatasi mara moja. Nikasaini.

"Utazoea," Bwana Ishengoma akasema. Nilimuuliza kama yeye alizoea. Akafungua jalada jingine.

Shajara hii sijui nayo inahesabiwa vipi. Sikuuliza.

Jumapili, 8 Desemba

Nimeamka kabla ya kengele, kwa mazoea. Nikakaa mezani bila kitu. Nje kunapambazuka vizuri sana, nami sina kazi nako. Natamani hata ule ugomvi wa kutafuta neno moja. Natamani kukosea na kufuta.

Nimedeki chumba. Kilikuwa safi.

Jumatano, 11 Desemba

Muleba. Somo la kushona. Mvua ilitukamata, tukabaki ndani tukingoja ikatike.

Akina mama wakaanza kuigiza ule mchezo wa redioni. Habari za Kanazi hazijawafikia. Ma Adela, ambaye hushona vibaya na kuchekesha vizuri, alijifunga gunia kiunoni akawa mume. Wamemwongeza mama mkwe, ambaye mimi sikumwandika kabisa. Anaitwa kuja kuamua ugomvi, naye anaulizia kwanza kama senene wamebaki. Ni mzuri kuliko chochote changu.

Lakini walipomkabidhi kanga aikague, aliyekuwa mama mkwe aliishiwa maneno. Akasimama nayo tu. Wote wakamsubiri.

Mimi nilijua. Jibu lilinijia lote kwa pamoja, jinsi maneno yalivyokuwa yakinijia asubuhi.

"Aigeuze," nikasema. "Alitazame lile tundu vizuri. Halafu amwambie mwanawe, 'Mbona hii niliwahi kuletewa na baba yako?'"

Ma Adela akanitazama. Yule mama akaigeuza kanga polepole, akalisema, kwa Kihaya, vizuri kuliko mimi. Kisha wakacheka, kicheko cha chini, cha watu wanaojuana.

"Na mwana anajibu nini?" mmoja akaniuliza.

Mvua ilikuwa imekatika. Dereva wa ofisi akapiga honi, tuondoke.

Nikavuta kigoda, nikakaa.