Dumu la Chooni

Jumatatu, 18 Agosti
Sketi nyingine. Ya tatu tangu shule ifunguliwe. Minza karudi na sweta kafunga kiunoni kuficha, kama vile mimi mama yake sina pua. Miaka minane, darasa la pili! Na kitandani halowanishi, shuleni tu. Shule ninayofundisha mimi. Aibu tupu. Kuanzia kesho hakuna chai asubuhi. Kisichoingia hakitatoka.

Jumatano, 20 Agosti
Mkuu wa shule kanisifu kikaoni kwa sheria yangu ya dumu. Mimi ndiye mwalimu wa usafi, niliileta mwezi uliopita: mwanafunzi akitoka kipindini kwenda chooni, apitie bombani, ajaze dumu la lita tano, amwage kwenye pipa la chooni. Kiangazi hiki hapa Segese maji ni ya foleni, lakini pipa letu limejaa. Wazururaji nao wamekwisha. Nimetoka kikaoni kichwa juu.

Mlangoni namkuta mwalimu wa darasa la pili. Minza kalowa tena. Bila chai! Nimemchapa makofi mawili nyumbani. Sijisikii vizuri, lakini nimechoka na huyu mtoto.

Ijumaa, 22 Agosti
Homa. Analia akikojoa, matone tu, yananuka vikali. Zahanati, foleni hadi saa sita. Mkojo umepimwa: maambukizi. Daktari kauliza mtoto anakunywa maji kiasi gani. Nimedanganya. Kasema anabana mkojo muda mrefu, akiendelea hivi ugonjwa utapanda hadi kwenye figo. Dawa siku sita, maji mengi, chooni kila baada ya saa mbili au tatu.

Njiani nimemuuliza Minza kwa nini haendi chooni. Kageuza uso. Nimeuliza tena, anatazama viatu vyake tu. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

Jumamosi, 23 Agosti
Amesema. Nilikuwa namwogesha.

"Dumu zito, mama. Naliburuza, maji yanamwagika, kiranja ananirudisha bombani. Nikifika darasani mwalimu ameshafuta ubao."

Kwa nini hukuniambia?

"Si wewe ulisema paredi kwamba hakuna cha mtoto wa mwalimu, wote sawa?"

Nilisema. Kwa sauti kubwa, mbele ya shule nzima. Mjinga mimi. Na chai nikamnyima.

Jumatatu, 25 Agosti
Nimemwomba Mkuu sheria ifutwe. Kakataa.

"Mwalimu, umetuletea mwenyewe, na vyoo vinang'aa."

Vinang'aa kwa sababu watoto hawaendi! Leo nimetazama darasani kwangu: toka saa mbili mpaka saa nne na nusu hajatoka hata mmoja. Wote hao wana vibofu vya chuma? Na mimi nilikuwa naita hiyo nidhamu. Mkuu kauliza maji yatatoka wapi. Nimesema tutachota sisi walimu, kwa zamu. Ofisi nzima imenitazama kama mwehu.

Jumatano, 27 Agosti
Mkuu kakubali kwa shingo upande. Sharti lake: wiki mbili za kwanza nichote mimi. Sawa. Nimeifuta sheria paredi, kwa mdomo uleule. Watoto hawakupiga makofi, walikodoa macho tu. Kufika saa nne wanatoka mmoja baada ya mwingine, pipa limekauka, chooni kunanuka, na mwenzangu wa darasa la nne kanisonya waziwazi. Mabega yananiwaka. Asonye.

Jumapili, 31 Agosti
Dawa zimekwisha. Homa hakuna, halii tena akikojoa. Tangu Jumatano sketi zote zimerudi kavu.

Jioni tulikuwa uani tunamenya karanga. Minza kasimama, kakunja mikono kifuani.

"Mwalimu, naomba ruhusa kwenda chooni."

Choo chetu. Hatua kumi kutoka tulipokaa. Nimemwambia, nenda, mwanangu. Akaenda akikimbia. Nimebaki na sinia mapajani, sikumenya tena.